Kiwanja cha Utemini na Kiti cha Askofu

Mama Mchungaji,

Kiwanja usiuze. Naanza na hilo kwa sababu barua yako ya kurasa nne imebeba mengi, lakini hilo peke yake ndilo lina tarehe: mnunuzi anakuja mwisho wa mwezi, na mwenyekiti wa mtaa ameshadokezwa. Mwambie mnunuzi hakiuzwi. Usimwambie asubiri, maana mnunuzi anayesubiri hugeuka mwanafamilia, na kila akipita mlangoni itakuwa kama mmemvunjia ahadi. Hayo mengine tuyazungumze bila haraka.

Wasomaji wengine niwaeleze kwa ufupi. Aliyeniandikia ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Utemini, Singida mjini, pamoja na watoto wake. Mumewe ni mchungaji wa Kanisa Anglikana katika dayosisi iliyo mbali na Singida. Jina la dayosisi hiyo nimelifuta, pamoja na mambo mengine mawili matatu ambayo yangewatambulisha. Mume huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Askofu wao anastaafu, na jina la mchungaji huyu limeanza kutajwa. Tangu litajwe, nyumba haina usingizi. Simu zinalia usiku wa manane. Wageni wawili walishuka Stendi ya Misuna na basi la jioni, wakachinjiwa kuku, wakala, kisha wakafungua mazungumzo: wajumbe wa sinodi lazima waonwe, wenzake wameshaanza kuzunguka, na mtu mwenye kiwanja mjini hawezi kusema hana kitu. Kiwanja chenyewe mama alikinunua kwa mkopo wa mshahara wake, akaongezea faida ya vitunguu alivyokuwa akinunua kwa wakulima na kuvipeleka Dodoma. Mumewe hasemi "uza". Anasema tu kwamba wito una gharama zake, kisha ananyamaza. Na mama anauliza, kwa maneno aliyoyapigia mstari: nikikataa, nitakuwa nimemzuia Mungu?

Hapana, Mama. Utakuwa umewazuia watu fulani wasile pesa ya mwalimu. Kama ni Mungu anayemtaka mumeo, sijaona popote katika Maandiko alipokwama kwa kukosa fedha za kuwaona wajumbe. Nilichokiona ni habari za Simoni wa Samaria katika Matendo ya Mitume. Aliwaletea mitume fedha ili na yeye apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono, na Petro akamjibu kwa ukali ambao wahubiri wetu wa siku hizi wanauruka. Wageni wako wa kutoka Misuna wanaijua habari hiyo vizuri kuliko mimi. Mmoja wao, umesema, ni mwinjilisti.

Nieleze kidogo jinsi kiti chenyewe kinavyopatikana, maana barua yako inaonyesha wageni wamekuchanganya kwa makusudi. Kwetu Waanglikana askofu haletwi kwa barua kutoka ng'ambo. Anachaguliwa na sinodi ya dayosisi yake, makasisi na walei kwa pamoja, kwa kura. Maaskofu wengine wa Tanzania wanapaswa kuridhia. Kisha siku ya kuwekwa wakfu askofu mkuu na maaskofu wenzake humwekea mikono, wasipungue watatu kwa jumla, na sharti hilo la watatu ni la tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Kwa hiyo mlei anayetoka kijijini kwa bodaboda kwenda sinodi ana nguvu kubwa sana kwa siku moja. Ndiyo maana anatafutwa. Na ndiyo maana ananunulika kwa bei ndogo, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kura yake ina uzito gani.

Watakwambia si rushwa, ni nauli. Ni chai. Ni kuwajulia hali wajumbe. Nauli ya mjumbe wa sinodi ina utaratibu wake, na katika utaratibu huo hamna mke wa mchungaji anayeuza kiwanja Singida. Zaidi ya hapo, zipo chaguzi za maaskofu hapa nchini ambazo malalamiko yake yalifika mahakamani, na yakifika huko kila bahasha hupata mtu wa kuikumbuka. Anayesema leo kwamba anakusanya kwa niaba ya mumeo, kesho ndiye atakayesimama kizimbani kueleza nani alimtuma.

Sasa nimtetee mumeo kidogo. Usimfikirie vibaya kwa kuwa anautamani uaskofu. Paulo, akimwandikia Timotheo, haoni ubaya wowote kwa mtu kuitamani kazi hiyo. Lakini hachukui hata pumzi kabla ya kuweka masharti, na mojawapo ni kwamba mtu huyo ajue kuisimamia nyumba yake mwenyewe, maana asiyeiweza nyumba atalitunzaje kanisa? Nyumba ambamo mke anakesha akipiga hesabu ya kiwanja, na mume akijificha nyuma ya neno "wito", ipo katikati ya mtihani huo sasa hivi, kabla sinodi haijakaa. Mweleze hivyo. Si kwa hasira. Mwambie kampeni ya kwanza ni ya sebuleni kwenu, na mpaka sasa hajaishinda.

Zamani watu walikuwa wakikikimbia kiti hiki. Ambrosi wa Milano alikuwa mkuu wa mkoa tu, hajabatizwa hata, watu walipopiga kelele mwaka 374 kwamba wanamtaka yeye. Akajaribu kila hila ya kutoroka, akashindwa, akabatizwa, na siku nane baadaye akawa askofu. Siwataki wachungaji wetu watoroke. Wangetembea tu kwa mwendo wa kawaida ingetosha.

Umeniuliza askofu anaishije, kwa kuwa wewe umemwona siku za kipaimara: gari, fimbo, kofia ndefu, watoto wamejipanga mstari. Hilo swali mumeo ndiye angelijibu, na nashangaa kwamba hamjalizungumza. Mimi ni Mwanglikana wa benchi la nyuma, lakini nimewafuatilia maaskofu kwa miaka mingi, na naweza kukueleza kwa mifano.

Kwanza kazi ya kila siku, ambayo haipigwi picha. Askofu anaamua ugomvi wa kwaya na mchungaji. Anatafuta mishahara ya zahanati. Anasoma hati za viwanja vya kanisa ambavyo jirani ameshaweka msingi. Mkoani kwenu mmeona hospitali ya kanisa pale Kilimatinde: nyuma ya kila hospitali ya namna hiyo kuna askofu anayepigiwa simu dawa zikiisha. Anazika. Anawapa daraja vijana ambao hajui watalipwa nini. Anakwenda ziara kwenye mitaa ambayo gari linaishia njiani, na akifika anakuta wamemngoja tangu asubuhi, kwa hiyo hawezi kusema amechoka. Hotuba ndefu unazozisikia ni sehemu ndogo sana.

Pili, heshima yenyewe haigawanywi kama watu wanavyodhani. Tarehe 15 Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Waafrika wanne kwa mpigo: Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Daniel Deng Atong wa Sudani, na Yohana Omari wa Tanganyika. Huyo Omari ndiye Mtanganyika wa kwanza kuwa askofu katika kanisa letu. Alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Akapewa kazi ya kuwa msaidizi wa Askofu Alfred Stanway, Mwaustralia, katika Dayosisi ya Tanganyika ya Kati yenye makao Dodoma. Dayosisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1927 chini ya George Chambers, na ilikuwa kubwa ajabu: Ukaguru upande mmoja, Kigoma na Bukoba upande mwingine, Singida yenu ikiwa katikati. Omari akawa msaidizi, akabaki msaidizi. Alifariki mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Dayosisi ya Morogoro ikazaliwa, na kiti chake akakikalia Gresford Chitemo. Yaani mtu aliyeufungua mlango hakuwahi kukaa kwenye kiti cha dayosisi yake mwenyewe hata siku moja. Namtaja huyu kwanza kwa sababu kwenye mazungumzo ya wageni wako mtu akikosa kiti ni kama hajaishi.

Na huyo Stanway aliyekuwa juu yake, mwangalie pia. Alianza mwaka 1951 akiwa na eneo ambalo lingemfanya mfalme. Akalikata. Victoria Nyanza ikatoka mwaka 1963, Morogoro 1965, Tanganyika ya Magharibi 1966 chini ya Musa Kahurananga, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu mkuu. Kila dayosisi mpya ilimpunguzia Stanway parokia, waumini, sadaka na sauti. Mwaka 1971 akamwachia Yohana Madinda kilichobaki, Mwafrika wa kwanza kushika kiti cha Dodoma, akaondoka zake. Hakukaa pembeni kumwongoza mrithi kwa simu. Akaenda kuanzisha chuo cha theolojia huko Pennsylvania, Marekani.

Singida nayo ilikuja kukatwa. Mwaka 1991 ilianzishwa Dayosisi ya Rift Valley, makao yake Manyoni, na askofu wake wa kwanza akawa Alpha Mohamed. Wakati huo hakuwa mgeni wa kazi: tangu mwaka 1982 alikuwa askofu wa kwanza wa Mlima Kilimanjaro, dayosisi yenye makao Arusha. Wewe unaijua Manyoni na unaijua Arusha. Hebu fikiria mtu anayetoka kwenye mji wa watalii na mahoteli, anashukia kwenye mji wa reli na vumbi, kuanza tena dayosisi changa, mara ya pili katika maisha yake. Katika hesabu za wageni wako huko ni kushuka. Nadhani mumeo, kama ni mchungaji ninayemsoma katika barua yako, anaijua habari hiyo. Muulize angefanya nini yeye. (Na kwa wale wanaopenda kutugawa kwa dini: wa kwanza wetu Omari, wa Manyoni Mohamed, na askofu mkuu tangu 1984 hadi 1998 John Ramadhani. Hakuna aliyeona ajabu.)

Huyo Ramadhani nimtaje tena, maana ni mwalimu mwenzako. Alifundisha kwanza, joho likaja baadaye. Mwaka 1980 akawa askofu wa Zanzibar na Tanga, miaka minne baadaye askofu mkuu. Alipouachia uaskofu mkuu mwaka 1998, akimpisha Donald Mtetemela, aliendelea na dayosisi yake kama askofu wa kawaida, akikaa kwenye vikao chini ya mtu ambaye jana alikuwa chini yake. Siku hizi uaskofu mkuu umekuwa wa vipindi: Valentino Mokiwa 2008 hadi 2013, Jacob Chimeledya 2013 hadi 2018, kisha Maimbo Mndolwa. Watu wanapanda na wanashuka wakiwa hai, na wanahitaji mahali pa kushukia.

Hapo ndipo ninapotaka utulie. Askofu mzuri nimemjua zaidi alipotoka kuliko alipoingia. Trevor Huddleston ni mfano ninaoupenda. Mwingereza, mtawa, alikwisha kujulikana duniani kwa vita vyake dhidi ya ubaguzi wa rangi kule Sophiatown, Johannesburg, kabla hajaletwa Masasi mwaka 1960. Uhuru ukaja mwaka uliofuata. Akawa rafiki wa Nyerere, na angeweza kuzeekea pale, akapewa na barabara ya jina lake. Lakini aliona kwamba kiti cha Masasi katika nchi huru kinamngoja mwenyeji, na mwaka 1968 akakiachia, akaja Hilary Chisonga. Huddleston akarudi London kuwa askofu msaidizi wa Stepney, kwenye mitaa ya maskini. Miaka kumi baadaye akapelekwa Mauritius. Alifariki mwaka 1998, Afrika Kusini ikiwa huru.

Najua utaniambia: huyo alikuwa mtawa, hana mke wala watoto, kuondoka kwake ni kufunga begi. Kweli kabisa. Frank Weston wa Zanzibar naye, aliyewaongoza wapagazi wa Kiafrika vitani mwaka 1916, akafa Hegongo karibu na Magila mwaka 1924, hakuwa na mke wa kuniandikia barua. Vitabu vya maaskofu vimejaa wanaume wa namna hiyo, na ndiyo sababu mojawapo wake za wachungaji hawajioni humo.

Basi nikupe mwenye mke. Festo Kivengere, Mganda wa Kigezi, alikuwa mwalimu, na alikuja Dodoma kufundisha kwenye miaka ya 1940 pamoja na mkewe, Mera. Walikaa miaka zaidi ya kumi, watu wa Dodoma wakamzoea kama mwalimu na mhubiri wa uamsho. Daraja hakuwa nalo. Daraja alilipata mwaka 1967, na uaskofu wa Kigezi mwaka 1972. Mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa ameshika nchi. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji, na tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Siku chache baadaye Festo na Mera waliambiwa kwamba wanaofuata ni wao. Wakaendesha gari usiku mpaka njia ilipoisha, kisha wakapanda milima kwa miguu, gizani, hadi Rwanda. Mera naye alitembea. Hakuwa na fimbo ya kiaskofu wala pete, hakupigiwa kura na sinodi yoyote, lakini mlima aliupanda ule ule. Mary, mjane wa Luwum, akakimbilia Kenya na watoto. Leo Uganda ina sikukuu ya kitaifa kila tarehe 16 Februari, na sanamu ya Luwum ipo juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London. Sanamu ni ya mume peke yake.

Kenya vilevile. Usiku mmoja wa Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba ya Askofu David Gitari huko Kirinyaga, baada ya mahubiri yake kuwaudhi wakubwa. Askofu akapanda juu ya paa akapiga yowe mpaka majirani wakaja. Alinusurika, akawa askofu mkuu mwaka 1997, na alipotimiza miaka 65 mwaka 2002 akastaafu kama kanuni ilivyosema. Picha ya baba askofu juu ya mabati usiku ndiyo ninayoikumbuka mtu akiniambia kiti hiki ni cha raha.

Sikuandikii haya kukutisha. Tanzania haijamfikisha askofu mahali pa Luwum, na tumshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu mumeo anasema wito una gharama, na nakubali kwamba zipo. Lakini ni gharama za namna hii: za muda, za mwili, za familia, za kusema kweli mbele ya mkubwa. Hizo hulipwa baada ya kuwekwa wakfu, na hakuna anayetumwa na basi la jioni kuzikusanya.

Tuje kwenye maisha yako mwenyewe. Kwanza, kazi usiache. Umeandika kwamba mmoja wa wageni alisema "Mama Askofu hafundishi darasa la pili." Nani kamwambia? Mumeo akichaguliwa, omba uhamisho wa kumfuata mwenza. Siku hizi maombi yanapitia kwenye mfumo wa ESS, na barua ya kuonyesha kituo cha mumeo utaiambatanisha. Itachukua muda, vumilia. Lakini usiandike barua ya kuacha kazi kwa ajili ya cheo cha mtu mwingine, hata kama mtu huyo mnakula sahani moja. Michango yako ya PSSSF ni yako. Mishahara ya maaskofu wengi inategemea sadaka ya dayosisi, na sadaka ya dayosisi inategemea mvua. Singida mnajua mvua ikikataa alizeti inakuwaje.

Pili, nyumba ya askofu si ya askofu. Ni ya dayosisi, chini ya wadhamini wake, na siku ya kustaafu ufunguo unarudi. Nimewaona wazee wa kanisa, watu walioheshimiwa, wamestaafu hawana pa kwenda, wanaomba waongezewe miezi kwenye nyumba huku mrithi amepanga chumba mjini. Ugomvi mwingi kati ya familia za viongozi wastaafu na makanisa yao huanzia hapo: shamba lilikuwa la nani, gari lilikuwa zawadi au la ofisi. Ninyi mna kiwanja. Kipo Utemini, kimelipiwa, kina jina lako. Mume wako akiwa askofu, hapo ndipo atakapostaafia. Asipokuwa askofu, hapo ndipo atakapostaafia vilevile. Wageni wako wanataka uuze mahali pa kushukia ili umnunulie mtu ngazi ya kupandia.

Na kwa kuwa umeuliza kuhusu sheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mume mali ya mke kwa sababu tu wamefunga ndoa. Chenye jina lako hakiuzwi bila wewe. Hati usiiache kwenye kabati la sebuleni. Sisemi mumeo ataichukua; nasema wageni wameshajua ipo.

Kuhusu Umoja wa Akina Mama, ambao umesema unauogopa kuliko wajumbe wote: ni kweli kwamba kwa desturi mke wa askofu hutazamiwa auongoze. Wewe si msemaji, umeniambia, na mikutano inakuchosha. Mary Sumner aliyeuanzisha Uingereza mwaka 1876 alikuwa mke wa mchungaji wa parokia ya kijijini, na inasemekana siku ya kwanza alipowakusanya akina mama alishindwa kabisa kuzungumza kwa woga, akawaomba warudi wiki ijayo. Mumewe alikuja kuwa askofu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo wewe hujachelewa. Na kama hutaki kabisa, lisemwe mapema, mapema kabla ya sinodi, ili wanaompigia kura mumeo wajue wanampigia mtu mmoja.

Mumeo atakapokuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mpe chakula kwanza. Watoto wakilala, muulize mambo ambayo hakuna mjumbe atakayemuuliza. Akichaguliwa mwenzake, ataweza kuhudhuria ibada ya kumweka wakfu, akakaa kwenye mstari na kuimba? Atarudi kwenye parokia yake Jumapili inayofuata na kuhubiri bila kijembe? Mara nyingi wanaotajwa ni wengi na anayekalia kiti ni mmoja, kwa hiyo jibu la maswali haya litamfaa kuliko hotuba ya ushindi. Akisita, usimshambulie. Kusita ni dalili njema. Anayejibu harakaharaka ndiye wa kumwogopa. Muulize pia ataachaje kiti, lini, na atakwenda wapi, hata kama bado hajakipata. Mtu anayejua atakavyotoka huwa hapigani sana mlangoni.

Kisha mwombe kitu kimoja cha kuandika. Ampelekee katibu wa dayosisi barua fupi, nakala kwa chansela, kwamba hajamtuma mtu yeyote kukusanya fedha wala kuwaona wajumbe kwa jina lake, na anayefanya hivyo anafanya kwa hiari yake. Barua ya namna hiyo inaweza kumpunguzia kura. Nisikufiche, inaweza hata kumkosesha kiti. Lakini akishaituma, kila atakayempigia kura atakuwa amempigia yeye, na kama atakuwa askofu hatakuwa na mdai anayemgojea ofisini Jumatatu ya kwanza akitaka kuwa arkidikoni.

Akikataa kuandika, hapo utakuwa umejifunza jambo kuhusu mumeo ambalo ni bora ulijue sasa. Bado hutakuwa na sababu ya kumkimbia. Utakuwa na sababu ya kumshirikisha mzee mmoja wa kanisa anayemheshimu, asiye mjumbe wa sinodi hiyo na asiye na mtoto anayetafuta parokia.

Wageni wakirudi, wapokee kama Wasingida mnavyopokea wageni. Mazungumzo yakifika kwa wajumbe, waambie mambo hayo wamwandikie mchungaji mwenyewe, kwa maandishi, na watie sahihi. Nakuhakikishia hawatatia.

Jambo la mwisho katika barua yako ulilitaja kama la kupita tu, lakini mimi limenikaa. Kijana wenu wa Kidato cha Nne anaitwa "mtoto wa askofu" shuleni, na ameanza kulipenda. Ana mtihani wa taifa Novemba. Mwambie baba yake ampigie simu wiki hii, waongee juu ya hesabu na fizikia, na sinodi isitajwe.